Maisha ya Ramana wa Mlima Arunachala

Majirani zetu wa dini ya Kihindu tumekaa nao miaka mingi, na mahekalu yao twayapita mjini, lakini ni wachache kati yetu wajuao ni kitu gani hasa wanachokitafuta katika dini yao. Pengine njia nyepesi ya kujifunza ni kufuata maisha ya mtu mmoja. Basi tumfuate Ramana, aliyeishi kusini mwa India.

Alizaliwa tarehe 30 Desemba 1879 katika mji mdogo wa Tiruchuli, akaitwa Venkataraman. Baba yake, aliyekuwa wakili, alifariki mwaka 1892. Ndipo yeye na kaka yake wakapelekwa Madurai kwa ndugu wa baba yao, na huko akasoma katika shule ya misheni ya Wamarekani. Hakupenda sana vitabu. Alipenda mpira wa miguu na mieleka.

Siku moja mwezi Julai 1896, akiwa na umri wa miaka 16, alikuwa ameketi peke yake nyumbani. Ghafula akashikwa na hofu ya kufa, ingawa hakuwa mgonjwa. Hakumwita mtu. Alijilaza chini, akanyosha mikono na miguu, akafumba kinywa kama maiti. Akawaza kwamba mwili huu utachukuliwa na kuchomwa moto. Je, hapo yeye mwenyewe atakuwa amekwisha? Akaona kwamba ndani yake yumo asiyekufa. Hofu ikamtoka, wala haikumrudia tena.

Hapa yafaa tueleze mafundisho yenyewe. Wahindu hutaja makusudi manne ya maisha: kutimiza wajibu, ambao huitwa dharma, kupata mali kwa njia ya haki, kufurahia upendo na raha, na la nne, lililo kuu, ni moksha, maana yake kufunguliwa. Mtu hufunguliwa katika mzunguko wa kuzaliwa, kufa, na kuzaliwa tena. Matendo yake, mema na mabaya, ndiyo yanayomrudisha duniani, na sheria hiyo huitwa karma. Wengine hutafuta moksha kwa kutenda kazi bila kutaka malipo, wengine kwa ibada na mapenzi kwa Mungu, wengine kwa maarifa. Mwalimu Shankara, aliyeishi zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, alifundisha kwamba nafsi ya ndani, atman, na Brahman, aliye asili ya vyote, ni mmoja. Mtu amefungwa kwa sababu hajui hivyo. Si Wahindu wote wanaokubali fundisho hilo, lakini kijana huyu aliliona moyoni kabla hajalisoma vitabuni.

Tarehe 29 Agosti 1896 alitoroka. Kaka yake alikuwa amempa rupia 5 akamlipie ada. Yeye alichukua 3 za nauli, akaacha 2 pamoja na barua fupi. Siku tatu baadaye alifika Tiruvannamalai, penye mlima Arunachala, ambao Wahindu wa huko huuheshimu kuwa ni Mungu Shiva mwenyewe. Akatupa fedha zilizobaki, akanyoa nywele, akaketi kimya katika chumba cha chini ya hekalu, hata wadudu wakamla mapajani asijue.

Mwaka 1898 mama yake, Alagammal, aliambiwa alipo, akaja kumchukua. Alimkuta mchafu, nywele zimesokotana. Alilia na kumsihi siku nyingi, naye hakujibu neno. Mwisho alimwandikia katika karatasi kwamba lililoandikiwa mtu litakuwa, hata azuie nani. Mama akarudi bila yeye. Tusidhani kwamba jambo hilo ni jepesi kwa Wahindu. Desturi yao ni kwamba mtu kwanza aoe, alee watoto na kuwatunza wazazi, ndipo uzeeni aiache dunia.

Hata hivyo habari haikuishia hapo. Mwaka 1916 mama alikuja tena, safari hii akae. Alianza kuwapikia wote waliokuwa pamoja na mwanawe pale mlimani, naye mwana akamfundisha polepole kuachilia miiko ya tabaka lake. Tarehe 19 Mei 1922 mama alipokuwa akikata roho, Ramana aliketi karibu naye tangu asubuhi hata usiku, mkono mmoja juu ya kifua chake na mwingine kichwani. Watu wake waliamini kwamba mama amefikia moksha. Kwa hiyo hawakumchoma moto, walimzika kama wanavyozikwa watakatifu wao.

Baada ya miezi michache Ramana alishuka mlimani akakaa penye kaburi lile, na ashram ikajengwa hapo. Alikata mboga jikoni kabla ya mapambazuko, akakataa kupewa chakula kizuri kuliko cha wenziwe. Waliomwendea na maswali aliwaambia wajiulize kwanza wao ni nani. Uvimbe ulimtoka katika mkono wa kushoto, akapasuliwa mara nne mwaka 1949, lakini hakukubali watu wazuiwe kumwona. Alifariki jioni ya tarehe 14 Aprili 1950, akazikwa papo hapo, karibu na mama yake aliyemwacha alipokuwa kijana.