Mary Anning: Binti wa seremala aliyefukua siri za kale

Mary Anning alizaliwa mwaka wa 1799 mjini Lyme Regis, pwani ya kusini mwa Uingereza. Babake, Richard, alikuwa seremala aliyejazia pato lake kwa kuokota visukuku, yaani mabaki ya viumbe vya kale yaliyogeuka mawe, na kuwauzia wageni. Alizoea kuandamana na wanawe, Mary na Joseph, hadi ufuoni akiwafunza kazi hiyo.

Richard alifariki mwaka wa 1810, akaiachia familia madeni. Mwaka uliofuata Joseph aliona fuvu kubwa gengeni. Mnamo 1812 Mary alipata mifupa iliyosalia ya mnyama huyo, ikthiosauri, mtambaazi wa baharini aliyetoweka zama za kale. Mabaki hayo yaliuzwa kwa pauni 23.

Mnamo 1823 alifukua mifupa kamili ya plesiosauri. Kazi ilikuwa ya hatari, kwani visukuku vilijitokeza pale mvua na mawimbi yalipobomoa genge. Mwaka wa 1833 maporomoko yalimuua mbwa wake, naye akaponea chupuchupu.

Wataalamu walinunua alivyovipata, wakaviandikia na kusifiwa, mara nyingi bila kumtaja. Jumuiya ya Jiolojia ya London haikupokea wanawake kuwa wanachama hadi 1919, ilhali Mary aliaga dunia mwaka wa 1847 kutokana na saratani ya matiti.

Sanamu yake ilizinduliwa Lyme Regis mwaka wa 2022, kufuatia kampeni iliyoanzishwa na msichana wa shule aliyependa kuokota visukuku katika ufuo uo huo.