Mama Christina Mgaya wa Nyang'ombe, Mkulima wa Butiama

Ndugu wasomaji, katika kitabu hiki cha jubilei mmekwisha soma habari za watawa Wabenediktini waliofika Ndanda mwaka 1906, na za jimbo letu la Mtwara lililoundwa mwaka 1972, na za maaskofu na mapadre walioteswa na jua na homa kwa ajili ya roho za watu. Habari hizo ni njema, na yatupasa kuzishukuru. Lakini sisi makatekista twaona kuwa kitabu cha furaha kisichotaja mama mwenye jembe hakijatimia. Maana sisi Wamakonde, na Wamakua, na Wayao, twahesabu ukoo kwa upande wa mama. Mgeni akifika kijijini, wazee humuuliza kwanza, mama yake ni nani. Basi nasi tufanye vivyo hivyo. Kuna mtu ambaye nchi nzima yamwita Baba wa Taifa. Tuulize, mama yake ni nani?

Jina lake ni Mgaya wa Nyang'ombe. Hakuwa mtu wa pwani yetu. Alizaliwa mbali, katika nchi ya Wazanaki, upande wa mashariki wa Ziwa Victoria, mwaka 1892 kadiri ya hesabu ya watu wake. Siku zile zilikuwa siku nzito. Maradhi ya sotoka yalikuwa yamekwisha ingia Afrika ya Mashariki, yakaua ng'ombe wengi sana, na penye wafugaji kifo cha ng'ombe ni njaa ya watu. Wadachi nao walikuwa wakiieneza serikali yao. Katika nchi ya namna hiyo mtoto wa kike hujifunza mapema kushika jembe, kwa kuwa shamba ndilo linaloponya nyumba.

Mwaka 1907, akiwa na umri wa miaka 15, aliolewa na Nyerere Burito wa Butiama, aliyefanywa mtemi mwaka 1915. Mgaya alikuwa mke wa tano, na mtemi alipata kuwa na wake 22. Nyumba zao zilizunguka zizi la ng'ombe, na nyumba ya mtemi katikati. Msomaji asidhani kwamba mke wa mtemi alikaa kitini akitumikiwa. Alikuwa na nyumba yake na watoto wake, na shamba la kuwalisha. Alilima ulezi, na mahindi, na muhogo. Mama zetu wa Newala na Tandahimba wanaijua kazi hiyo bila kufundishwa: kuinama tangu alfajiri, kupalilia, kuvuna, kurudi na mzigo kichwani, kisha kuanza kazi ya jikoni wakati wengine wamekwisha kaa kupumzika.

Alimzalia mumewe watoto 8, wa kiume 4 na wa kike 4. Wawili katika hao walikufa wangali wachanga. Hatuandiki neno hili kwa kupita tu. Sisi tunaoitwa usiku kubatiza watoto wanaokufa twajua lilivyo. Mama hulia usiku, na asubuhi huamka kwenda shambani, kwa sababu waliobaki wanataka kula.

Mtoto wake wa pili alizaliwa tarehe 13 Aprili 1922, wakati wa mvua kubwa. Kwanza aliitwa Mugendi, maana yake mwenye kutembea. Kisha kwa shauri la mganga jina likageuzwa, akaitwa Kambarage, jina la pepo wa mvua katika dini ya Wazanaki. Mama huyu basi hakuwa Mkristu wakati ule, wala mumewe, wala jamaa zake. Aliishi katika dini ya wazee wake kwa uaminifu, naye akamlea mtoto katika adabu aliyoijua. Kambarage alikaa katika nyumba ya mama yake, akamsaidia shambani, akachunga mbuzi na ng'ombe pamoja na watoto wenzake. Alichokisema baadaye mbele ya mataifa juu ya kazi na juu ya kugawana chakula, alikiona kwanza nyumbani kwa mama yake.

Mwaka 1934 mtoto alipelekwa shule ya Mwisenge, Musoma, akiwa na miaka 12. Toka Butiama ni mwendo wa kilometa 40 na zaidi, naye akakaa bwenini. Huko alianza kusikia mafundisho ya dini, akawa akienda misioni ya Nyegina kwa Mapadre Weupe. Kisha mwaka 1937 akaenda Tabora, na mwaka 1943 Makerere katika Uganda. Mama akabaki na shamba. Mtemi Burito alikuwa amekwisha fariki mwaka 1942, na Mgaya, mwenye miaka 50, akawa mjane.

Tarehe 23 Desemba 1943 mwanawe akabatizwa, akaitwa Julius. Hapo, ndugu wasomaji, tutulie kidogo. Katika kitabu cha ubatizo padre huandika jina la mbatizwa, na la baba, na la mama, na la msimamizi. Jina la mama hupata mahali padogo katika mstari mmoja. Wengi wetu makatekista tuna mstari kama huo. Tuliletwa kanisani na mama waliotuosha, wakatuvika nguo safi, wakatuaga mlangoni, nao wenyewe wakabaki nje miaka mingi. Wengine walizuiwa na ndoa ya wake wengi, wengine na woga wa kuwaacha wazee wao. Sisi katika bidii yetu tumewahi kuwahesabu kama watu wa nje. Twakiri kuwa tulikosa. Mkono uliomlisha mbatizwa ulikuwa ukimtumikia Mungu kabla mwenye mkono hajajua jina lake.

Mgaya hakubaki nje siku zote. Naye aliupokea ubatizo, akaitwa Christina, jina linalotoka katika jina la Kristu mwenyewe. Mwana alitangulia, mama akafuata. Kwa desturi mama ndiye amwongozaye mtoto kwa mkono; katika nyumba hii njia ya imani ilifunguliwa na mtoto, na mama hakuona haya kupita nyuma yake. Huo ni unyenyekevu ambao si kila mzazi anao.

Mwanawe akawa mwalimu, akasoma Edinburgh tangu mwaka 1949 hata 1952, akarudi, akajenga nyumba Butiama kwa mikono yake, akamwoa Maria mwaka 1953. Tarehe 7 Julai 1954 chama cha TANU kikaanzishwa, naye akiwa mkuu wake. Mwaka 1955 alitakiwa achague: ualimu wa Pugu wenye mshahara, au siasa isiyo na mshahara. Akaacha ualimu. Mzazi yeyote aliyeuza mazao yake ili mtoto asome aelewa jinsi neno hilo linavyouma. Mwana akarudi kwao kwa muda. Katika siku zile aliwafundisha mapadre wa Maryknoll lugha ya Kizanaki, akawasaidia kufasiri mafundisho ya dini kwa lugha hiyo. Kazi ile haikupigiwa ngoma, lakini sisi twaiona kubwa. Maana kwa kazi hiyo mama wa Butiama wasiojua Kiswahili waliweza kusikia Habari Njema kwa maneno yale yale waliyowabembelezea watoto wao.

Tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ikapata uhuru. Mwana wa mke wa tano akawa Waziri Mkuu, na mwaka uliofuata Rais. Sisi wa kusini tuna sababu yetu ya kumkumbuka. Tangu mwaka 1964, vita ilipoanza Msumbiji, watu walivuka Ruvuma wakija kwetu na watoto mgongoni, na mama wa vijiji vya kando ya mto wakagawana nao muhogo wao. Serikali yake haikufunga mlango, wala mama hao hawakufunga jiko. Hata Msumbiji ilipopata uhuru tarehe 25 Juni 1975, wengi walirudi kwao wakiwa hai kwa sababu ya sufuria hizo. Mwenye kulelewa katika nyumba ya mkulima huelewa upesi maana ya kumgawia mgeni chakula.

Tarehe 5 Novemba 1985 Mwalimu aliacha urais kwa hiari yake, akarudi Butiama kulima. Mama Christina alikuwa hai, mwenye miaka 93. Tazameni jambo hili. Wakubwa wengi wa dunia wakishuka kitini hutafuta pa kujificha. Huyu alikuwa na pa kurudi, nako ni shambani, kijijini alikobaki mama yake.

Mwaka 1996 Injili zikatoka kwa utenzi wa Kiswahili, kazi ya Mwalimu Nyerere, nazo zikachapwa na wachapaji Wabenediktini wa Ndanda na Peramiho. Hivyo mkono wa jimbo letu umegusa nyumba ile ya Butiama. Mtoto aliyepewa jina la pepo wa mvua alitunga habari za Yesu Kristu kwa mashairi, na mitambo ya kwetu ikazipeleka kwa watu, mama yake akiwa bado duniani.

Mwaka uliofuata, 1997, Mama Christina Mgaya akafariki, baada ya miaka 105. Aliona Wadachi na Waingereza wakija na kuondoka. Alizika mume, na watoto wachanga, na rafiki wa ujana wake wote. Mwanawe alimfuata tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa Butiama penye makaburi ya wazazi wake. Mwaka 2005 jimbo la Musoma lilianza kuichungua njia ya kumtangaza mwenye heri, naye akaitwa Mtumishi wa Mungu.

Basi, ndugu wasomaji, akina mama wa Mikindani, wa Nanyamba, wa Masasi, na ninyi mnaolima kando ya Ruvuma hata mdomo wa bahari, msidhani kwamba kazi yenu haina mwandishi. Si kila mwenye jembe atamzaa rais, wala si hilo tunalowaombea. Mgaya hakujua, alipokuwa akipalilia ulezi mwaka 1922 na mtoto mgongoni, atakuwa nani. Alipalilia tu kwa kuwa ulikuwa wakati wa kupalilia. Nasi makatekista, siku hii ya jubilei, tuvifungue tena vitabu vya ubatizo, tusome ule mstari mdogo wenye majina ya mama zetu, tukawaombee kwa majina yao, mmoja mmoja, waliobatizwa na waliobaki mlangoni.

Mama Christina Mgaya astarehe kwa amani.