Duke Ellington: Gwiji wa dansi aliyeingiza bendi kanisani

KWA wakazi wa Kimandolu na vitongoji vingine vya Arusha vilivyo chini ya Mlima Meru, tarumbeta kanisani si jambo la ajabu. Lakini mwaka 1965, pale bendi nzima ya dansi ilipoingia katika kanisa kuu huko San Francisco, Marekani, wapo waliojiuliza iwapo imekwenda kusali au kutumbuiza.

Kiongozi wa bendi hiyo alikuwa Edward Kennedy Ellington, maarufu kwa jina la Duke, aliyezaliwa Washington Aprili 29, 1899. Wazazi wake wote wawili walipiga piano, na mama yake, muumini wa Kibaptisti, alimlea katika ibada.

Jina lake lilivuma tangu mwaka 1927 katika klabu ya Cotton, Harlem, New York. Humo watu weusi walipiga muziki na kucheza jukwaani, huku wateja wakiwa wazungu. Umaarufu huo wa vilabuni ndio uliokuja kumponza miongoni mwa watu wa dini.

Septemba 16, 1965 alifanya onesho lake la kwanza la muziki mtakatifu katika Kanisa Kuu la Grace. Kazi kuu ya usiku huo ilijengwa juu ya noti sita, moja kwa kila silabi ya maneno manne ya kwanza ya Biblia kwa Kiingereza. Kulikuwa na saksafoni, ngoma na waimbaji. Bunny Briggs, mchezaji hodari, aligonga sakafu kwa viatu vyake kumkumbuka Mfalme Daudi aliyecheza mbele za Bwana.

Desemba 1966 Ellington aliupeleka muziki huo Washington, mji wake wa kuzaliwa. Umoja wa wachungaji wa Kibaptisti wa mji huo ulikataa kumuunga mkono, ukiuona muziki wake kuwa wa kidunia. Hofu yao inaeleweka, ingawa Daudi naye hakungoja kibali cha mtu. Pigo lilikuwa zito, kwani lilitoka katika dhehebu la mama yake.

Hakurudi nyuma. Januari 19, 1968 alifanya onesho la pili katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Yohana, New York, na la tatu Oktoba 24, 1973 katika kanisa la Westminster Abbey, London. Mwenyewe aliihesabu kazi hiyo kuwa kubwa kuliko zote alizopata kufanya.

Wakati huo saratani ya mapafu ilikuwa imekwisha kumwingia. Hata hivyo, Novemba mwaka huo alisafiri hadi Ethiopia, ambako Mfalme Haile Selassie alimtunuku nishani, kisha akapiga muziki nchini Zambia.

Alifariki dunia Mei 24, 1974. Watu zaidi ya 12,000 walifurika katika mazishi yake, yaliyofanyika katika kanisa lile lile la New York alikopiga muziki mwaka 1968.