Sarojini Naidu na Viti vya Wanawake

Wengi wanaolijua jina la Sarojini Naidu hulijua kwa mashairi yake. Leo sisi twapenda kumkumbuka kwa jambo jingine: alipinga wanawake wa India kutengewa viti katika mabaraza ya kutunga sheria.

Alizaliwa Hyderabad tarehe 13 Februari, 1879, akasoma London na Cambridge. Mwaka 1917 aliongoza ujumbe wa wanawake mbele ya Edwin Montagu, Waziri wa Uingereza wa mambo ya India, kudai haki ya kupiga kura. Januari 1924 alifika Mombasa, akaongoza mkutano wa Kongresi ya Wahindi wa Afrika Mashariki. Mwaka uliofuata akawa mwanamke wa kwanza wa Kihindi kuwa Rais wa Kongresi ya India. Mei 1930, Gandhi akiwa gerezani, yeye ndiye aliyewaongoza watu kwenye mashamba ya chumvi ya Dharasana, naye akatiwa kifungoni.

Mtu wa namna hiyo hakuona kwa nini mwanamke aombe fadhili. Mwaka 1931 yeye na Begum Shah Nawaz walipeleka madai ya vyama vitatu vya wanawake: watu wazima wote wapige kura, wake kwa waume, wala pasiwe na kiti cha kutengwa. Serikali ya Uingereza haikusikia. Sheria ya mwaka 1935 iliwatengea wanawake viti 41 katika mabaraza ya majimbo, tena vikagawanywa kwa dini.

India ilipojitawala mwaka 1947 alifanywa Gavana wa United Provinces, akafa angali kazini tarehe 2 Machi, 1949. Katiba ya mwaka 1950 ilifuata rai yake: kura kwa wote, viti vya wanawake hapana. Je, wangapi waliingia kwa mlango huo? Katika uchaguzi wa mwaka 2024 walichaguliwa wanawake 74 tu kati ya wabunge 543, kwa kuwa vyama huwasimamisha wachache. Vijijini, ambako theluthi ya viti vya mabaraza imetengwa tangu mwaka 1993, wameingia kwa maelfu. Mwaka 2023 Bunge nalo likapitisha theluthi kama hiyo, ianze baada ya sensa na kugawanywa upya kwa majimbo.

Hatusemi kwamba bibi huyu alidai lisilo haki. Lakini yeye alikuwa na elimu, kipawa na jina, na sheria haitungwi kwa ajili ya wenye vipawa peke yao. Twaona kiti maalum chafaa, ila anayekikalia na ajiandae kusimama jimboni siku moja, ashindane na wanaume kwa kura za wote.