Mary Leakey na Kauli za Sehemu Tatu

Ukitoka Karatu mjini, ukapita geti la Lodware na kupanda hadi ukingo wa kreta ya Ngorongoro, barabara inashuka upande wa pili kuelekea Serengeti. Huko chini, mkono wa kulia, ndiko unakokatia kwenda Bonde la Oldupai. Watalii wengi wanapita moja kwa moja, wanawahi simba. Lakini ndani ya bonde lile mama mmoja, ambaye hakuwahi kufanya mtihani hata mmoja wa digrii, alikaa miaka kibao akiokota mawe na mifupa na kuandika kila kitu. Sisi tunaosoma kompyuta tuna la kujifunza kwake.

Mary Nicol alizaliwa London tarehe 6 Februari 1913. Baba yake alikuwa mchoraji, akafariki 1926, binti akiwa na miaka 13. Mama yake akampeleka shule za masista, na huko akafukuzwa mara mbili, mara moja kwa kusababisha mlipuko makusudi kwenye maabara ya kemia. Basi akaachana na shule, akawa anahudhuria mihadhara ya akiolojia na kuchora zana za mawe kwa ajili ya vitabu vya watu. Michoro hiyo ndiyo iliyomkutanisha na Louis Leakey, mzaliwa wa Kabete, Kenya. Mwaka 1935 alifika Oldupai kwa mara ya kwanza, na mwaka uliofuata wakaoana.

Asubuhi ya 17 Julai 1959 Louis alikuwa mgonjwa kambini. Mary akatoka na mbwa wake, akaona mfupa umechomoza kwenye mteremko, na kwenye mfupa kuna meno. Fuvu lile lilikuwa limevunjika vipande takriban 400, wakaliunganisha. Likapewa namba: OH 5. Louis akaliita Zinjanthropus boisei. Zinj ni jina la kale la Waarabu kwa pwani yetu, lile lile lililo ndani ya neno Zanzibar, na Boise ni mfadhili wao.

Sasa hapa ndipo kompyuta inapoingia. Data iliyounganishwa kama grafu huandikwa kwa kauli fupi za sehemu tatu: kiima, uhusiano, shamirisho. OH 5, ilipatikana na, Mary Leakey. OH 5, ilitoka, Oldupai. Kila kauli ni kamba moja kati ya nodi mbili, na ukizikusanya unapata wavu mzima. Kwenye lugha ya kifunksheni kama Haskell unatangaza aina ya data yenye nafasi tatu, na unasema kila nafasi inapokea nini. Kiima ni kitambulisho au nodi isiyo na jina. Uhusiano lazima uwe kitambulisho. Shamirisho linaweza kuwa hata thamani tupu, kama namba ya miaka. Mtu akiweka namba ya miaka mahali pa kiima, kompaila inakataa hapo hapo, kabla programu haijakimbia.

La pili ni kwamba thamani haibadilishwi. Funksheni ya kuongeza kauli inapokea grafu na kurudisha grafu mpya, ile ya zamani inabaki ilivyokuwa. Wengi wetu tumezoea kufuta na kuandika juu yake, kwa hiyo hili linatusumbua mwanzoni. Lakini tazama yaliyolikuta fuvu lile. Louis alilikadiria miaka kama 600,000, halafu mwaka 1961 vipimo vya potasiamu na argoni vikatoa milioni 1.75. Alidhani ndiye aliyetengeneza zana za mawe za pale, hadi 1964 sifa hiyo ilipohamia kwa Homo habilis. Jina nalo likabadilika, leo wengi wanaliita Paranthropus boisei. Kilichobaki palepale ni OH 5, mahali lilipookotwa, na nani aliliokota. Mary alichora na kupima kila kipande kilipolala kabla ya yeyote kusema maana yake, na kitabu chake kikubwa cha 1971 kuhusu tabaka za chini za Oldupai kimejaa kazi hiyo.

Uangalifu huo ulimgharimu. Mwaka 1974, huko Laetoli, kusini mwa Oldupai, Maundu Muluila wa timu yake aliokota taya la chini, likapewa namba LH 4. Miaka minne baadaye Donald Johanson na wenzake walilifanya taya hilo kielelezo cha spishi mpya, Australopithecus afarensis, yaani spishi yenye jina la Afar, Ethiopia, huku kielelezo chake kimetoka Tanzania. Mary hakukubali. Akaomba jina lake liondolewe kwenye makala, na likaondolewa. Spishi imedumu hadi leo, na wataalamu wengi wanaona Johanson alikuwa sahihi. Lakini Mary alitaka kauli ya nani aliyesema isichanganywe na kauli ya nini kilichookotwa. Ndiyo maana grafu nzuri huongeza sehemu ya nne: chanzo. Kwenye Haskell ni rahisi, kwa sababu kauli ni thamani kama nyingine, unaweza kuiweka ndani ya kauli kubwa zaidi.

Mwaka huo huo wa 1978 timu yake ilifukua Laetoli nyayo kwenye majivu ya volkano, mstari wa mita 27 hivi, wa miaka kama milioni 3.6. Waliopita pale hatuwajui. Kwenye grafu tunaweka nodi isiyo na jina: yupo aliyepita hapa, basi. Hatulazimiki kumzulia jina.

Mary alifariki Nairobi tarehe 9 Desemba 1996, ameshapewa digrii za heshima na vyuo kadhaa. OH 5 iko Dar es Salaam tangu 1965. Kwa hiyo wewe uliye kwenye projekti ya mwaka wa mwisho, kabla hujaandika kodi inayofuta rekodi ya jana, jiulize kwanza kama ulichokosea ni kilichookotwa, au ni jina tu ulilokipa.