Sokoine na Hesabu ya Mlanguzi



Vijana wengi wa Tunduma na Vwawa wanalijua jina la Sokoine kwa uwanja wa mpira wa pale Mbeya. Leo tumtazame mwenye jina.

Edward Moringe Sokoine alizaliwa Monduli tarehe 1 Agosti 1938, katika familia ya wafugaji wa Kimaasai. Mwaka 1965 alichaguliwa kuwa mbunge, na mwaka 1977 Mwalimu Nyerere alimteua kuwa Waziri Mkuu. Aliacha kazi hiyo mwaka 1980 kwa sababu za afya, akairudia Februari 1983.

Nchi ilikuwa imechoka. Vita vya Kagera vilikuwa vimekula hazina. Sabuni, sukari na khanga hazikuonekana madukani, ila kwa mlango wa nyuma. Mlanguzi alikuwa na hesabu yake: faida ni kubwa na kukamatwa ni nadra. Sokoine aliigeuza hesabu hiyo. Msako ulianza nchi nzima, ikapitishwa na sheria maalumu ya uhujumu uchumi. Wapo waliotupa bidhaa vichakani usiku ili wasikutwe nazo.

Yeye mwenyewe anakumbukwa kwa kutojilimbikizia mali, ingawa nafasi alikuwa nayo. Tarehe 12 Aprili 1984, akitoka bungeni Dodoma, alifariki kwa ajali ya gari huko Dakawa, Morogoro. Alikuwa na miaka 45.

Wapo wataalamu wa uchumi wanaoitetea adhabu kwa hoja hiyo: uovu ufanywe biashara ya hasara. Kuna ukweli hapo, lakini hautoshi. Baraza lililosikiliza kesi za mwaka 1983 halikuruhusu dhamana wala wakili. Tukipima adhabu kwa hofu inayowatia wengine tu, hata asiye na hatia anaweza kutolewa kafara ili soko litulie. Mwaka 1984 sheria nyingine ilizipeleka kesi hizo Mahakama Kuu, na mshtakiwa akaweza kuwa na wakili.

Upungufu wa pili unakuhusu wewe unayeishi mpakani. Nakonde iko ng'ambo tu, na njia za panya unazijua. Kama kinachokuzuia ni askari peke yake, siku asipokuwepo utavusha. Zakayo, mtoza ushuru wa Yeriko, hakukamatwa na yeyote. Alimpokea Bwana nyumbani kwake, akaahidi kumrudishia mara nne kila aliyemdhulumu. Adhabu ya serikali humzuia mtu kwa nje, na tunaihitaji. Toba humgeuza moyo, na kumfikia yule aliyeumia.

Wiki hii, kabla ya kuhesabu faida, jiulize ni nani anayelipia. Kama kuna uliyempunja, mrudishie.