Bill Wilson, mlevi aliyeanzisha vikao vya kuacha pombe
Mei 1935, Bill Wilson alikuwa peke yake hotelini mjini Akron, Marekani. Biashara iliyompeleka huko ilikuwa imeharibika, na baa ilikuwa hatua chache tu. Alikuwa na miezi mitano tangu aache pombe.

Alizaliwa Vermont mwaka 1895. Alianza kunywa akiwa mwanajeshi, pombe ikamharibia kazi yake Wall Street, akalazwa hospitali mara nne.

Siku hiyo hakuingia baa. Alimpigia simu mchungaji, akitafuta mlevi mwenzake wa kuzungumza naye. Kesho yake alikutana na daktari Bob Smith, wakaongea kwa saa nyingi. Smith alikunywa mara ya mwisho tarehe 10 Juni 1935, siku inayohesabiwa kuwa mwanzo wa Alcoholics Anonymous.

Wilson alifariki mwaka 1971. Vikao vyake vimeenea duniani: hakuna ada, na sharti ni moja tu, kutaka kuacha. Kwa anayesumbuliwa na lutuku huko Fizi au Baraka, kumbukumbu ni hii: kikao cha kwanza kilikuwa na watu wawili.